Nati Namba Kumi na Saba

Kila Desemba, siku mbili kabla ya wajukuu kupanda kutoka Arusha,
namtangulia jogoo wa jirani kuamka,
nachukua spana ya baba,
naenda bandani nyuma ya migomba
kuharibu mashine ya kumenya kahawa.

Siiharibu sana.
Nalegeza nati moja, namba kumi na saba,
ile inayoshikilia bamba karibu na pipa la shaba.
Inatosha. Ukizungusha mpini
buni zinapita na maganda yake, nyekundu vilevile,
kama watu waliokwenda mtoni wakarudi hawajaoga.

Nisamehewe. Ujanja huu nimerithi.

Baba, Mzee Ndelilio, alikuwa karakana ya reli pale Moshi
mpaka filimbi ilipokoma.
Akapanda kurudi Kidia na sanduku la bati:
spana kumi na moja, tupa mbili,
na mkono wa kushoto wenye vidole vinne.
Hakuwa mtu wa maneno.
"Shika hapa."
"Sogea, unanizibia mwanga."
Ukimaliza kufunga, anafungua yote,
anamwaga nati kwenye sinia la mama:
"Rudia."

Nilikuwa na miaka tisa.
Kaka zangu walipewa mapanga wakakate majani ya ng'ombe.
Mimi nilipewa spana kwa kuwa mkono wangu ulikuwa mwembamba,
ulipenya pasipofika mkono wa mwanamume.
Ndiyo sababu yenyewe. Sina nyingine nzuri zaidi.

Sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kunipa:
"Kaza mpaka nati isikie,
usikaze mpaka ilie."
Nilikata bolti tatu kabla sijamwelewa.
Ya nne ilitulia
kama mtoto aliyeshiba.

Na siku moja, nikiwa na kumi na minne,
nikitoka kwenda chooni gizani,
nikamwona amepiga magoti kwenye umande
analegeza nilichokaza jana.
Nikarudi kulala, kimya.
Saa mbili akaita, sauti kavu kabisa:
"Anaeli! Njoo, mashine imekufa tena."
Nikaenda. Nikaifufua.
Sikumwambia, wala hakuniambia,
mpaka tukamzika kando ya mgomba wa mshare.

Sasa wamefika.
Elisaria, kumi na mitatu, anainua simu juu atafute mtandao
amuulize mtu wa mbali jinsi ya kufungua kitu kilicho mbele yake.
"Bibi, mjini kuna fundi. Tumpigie."
Haika, mdogo wake, amekaa juu ya debe, miguu haigusi chini,
anauangalia mtambo kama anavyoangaliwa mgeni
aliyesema atakaa kidogo.

"Shika hapa," nasema.
"Sogea, unanizibia mwanga."
Nasikia ni sauti ya nani.

Elisaria akashika. Akachubuka kidole, akalamba damu,
akasahau simu kwenye gunia.
Haika akapitisha mkono chini ya bamba,
mkono ule ule, wembamba ule ule,
akatoka na nati, akaiweka kiganjani.
"Bibi, hii haina kutu kwenye hesi."
"Eti?"
"Imefunguliwa juzijuzi."

Akatazama kucha zangu.
Grisi haisikii sabuni ya mche;
nikaingiza mkono ndani ya khanga, nimechelewa.

Hakusema kitu. Akairudisha nati,
akakaza, akatega sikio,
akaongeza robo mzunguko,
akaacha.
Elisaria akazungusha mpini: maganda huku,
buni nyeupe kule, zinateleza ndani ya ndoo,
naye anapiga kelele kana kwamba ameziumba yeye.

Jioni, tukifuta spana kwa kitambaa,
Haika akanisogelea sikioni, kaka yake asisikie:

"Mwakani, bibi, legeza mbili."